Jengo Halikomi Ukutani

Mwanafunzi wa usanifu majengo anapoanza masomo yake, aghalabu hudhani kuwa kazi yake ni kuchora nyumba. Huchora vyumba, milango, madirisha na ngazi. Kisha hupiga mstari mzito kuvizunguka vyote, na mstari huo ndio ukuta wa nje. Kwake yeye, jengo limekoma hapo. Lakini mchoro wake hauna budi kujibu swali moja zaidi: mtu apitaye njiani bila kuingia ndani atafaidika nini na jengo hili?

Swali hili ni zito, kwa sababu mji si mkusanyiko wa majengo tu. Mji ni watu na shughuli zao, na mtu wa mjini huyapita majengo mengi kwa siku, ilhali huingia katika machache tu. Jengo likimpa kivuli, mahali pa kupumzika au mlango wa duka, njia hupata uhai. Likimgeuzia ukuta mtupu, njia huhamwa. Tofauti hiyo yaweza kupimwa kwa futikamba, kwa saa, na kwa hesabu zinazofundishwa katika shule za sekondari. Mazoezi matatu apewayo mwanafunzi wa fani hii yatosha kuonyesha jinsi ifanyikavyo.

Zoezi la kwanza: kuichunguza baraza

Kabla ya kubuni chochote, mwanafunzi hutakiwa atoke akatazame. Katika mitaa ya zamani ya Dar es Salaam, kama vile Kariakoo na Magomeni, nyumba ya Kiswahili ina ujia katikati, vyumba pande zote mbili, ua nyuma, na mbele baraza inayoelekea njiani. Mwanafunzi hupima kimo cha baraza, ambacho kwa kawaida hukaribia kimo cha goti. Hupima upana wake na urefu wa ukingo wa paa unaoifunika. Halafu huketi, na kila baada ya robo saa huandika ni watu wangapi waliopita, wangapi waliosimama, wangapi walioketi, na kila mmoja alifanya nini. Hufanya hivyo asubuhi, adhuhuri na jioni, kwani hesabu ya saa moja tu yaweza kumdanganya.

Akisoma daftari lake hugundua kwamba baraza si ndani wala si nje. Mwenye nyumba huketi hapo akaiona njia yote. Mpita njia huweza kumwamkia na kuzungumza naye bila kuingilia siri ya nyumba. Hapo bao huchezwa, nguo hushonwa, kahawa huuzwa, na watoto wachezao huangaliwa na watu wazima wasio wazazi wao. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, baraza za mawe zimejengwa pamoja na kuta za nje. Katika mji wa kale wa Lamu, uliotiwa katika orodha hiyo mwaka 2001, mlango wa nyumba ya mawe una daka lenye viti vya mawe, ambamo mgeni hupokewa kabla ya kukaribishwa ndani.

Uchunguzi wa namna hii umefanywa katika nchi nyingine pia. Mwaka 1961 mji wa New York ulitunga kanuni iliyowaruhusu wenye majengo marefu kuongeza ukubwa wa majengo yao iwapo wangeacha kiwanja cha wazi kwa ajili ya umma. Viwanja vilipatikana, lakini vingi vilikuwa vitupu. Katika miaka ya 1970 William H. Whyte na wenzake walivipiga picha za sinema na kuwahesabu watu waliovitumia. Waliona kwamba sababu kubwa haikuwa uzuri wa jengo wala ukubwa wa kiwanja: watu waliketi palipokuwa na mahali pa kuketi. Mwaka 1975 kanuni zilirekebishwa, na viti vikawa sharti. Jambo ambalo wajenzi wa pwani yetu walilitenda kwa mazoea, huko lilihitaji kuandikiwa sheria.

Zoezi la pili: kukokotoa kivuli

Baraza iliyo juani haikaliwi na mtu. Kwa hiyo zoezi la pili huhusu jua. Mji wa Zanzibar upo kiasi cha nyuzi 6.2 kusini ya Ikweta. Mnamo tarehe 21 Juni jua la adhuhuri huwa utosini katika Tropiki ya Kansa, nyuzi 23.4 kaskazini. Kwa hiyo mtu aliyeko Zanzibar huliona limeinama kuelekea kaskazini kwa nyuzi 23.4 + 6.2, yaani 29.6, pembe yake kutoka upeo wa macho ni nyuzi 60.4. Kivuli cha ukuta wenye kimo cha meta 10 hupatikana kwa kugawanya 10 kwa tanjenti ya pembe hiyo: ni meta 5.7, nacho huangukia kusini. Mnamo tarehe 22 Desemba jua huwa upande wa kusini, na pembe yake ni nyuzi 72.8, kivuli cha ukuta uleule ni meta 3.1, nacho huangukia kaskazini.

Sasa na ichukuliwe njia yenye upana wa meta 3 iendayo mashariki hadi magharibi, yenye nyumba za kimo hicho pande zote mbili. Adhuhuri ya Juni na ya Desemba ardhi yote ya njia hiyo imo kivulini. Njia iendayo kaskazini hadi kusini hupigwa na jua la adhuhuri, lakini kwa muda wa saa mbili hivi tu. Asubuhi hulindwa na kuta za mashariki, na alasiri na kuta za magharibi. Kumbe wembamba wa vichochoro vya Mji Mkongwe una manufaa yake. Ziko siku, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 9 Oktoba, ambapo jua la adhuhuri hupita utosini na ukuta hautoi kivuli chochote. Siku hizo ni ukingo wa paa au roshani iliyotokeza inayomsaidia mpita njia.

Barabara ya magari yenye upana wa meta 15 haiwezi kutiwa kivuli na kuta za kimo hicho. Hata mwezi wa Juni kivuli cha meta 5.7 hufunika kiasi cha theluthi moja na ushei tu. Hapo jengo lenyewe hulazimika kumtengenezea mpita njia kivuli chake.

Zoezi la tatu: kubuni

Katika zoezi la mwisho mwanafunzi hupewa kiwanja, tuseme chenye meta 15 kwa 20, mahali ambapo nyumba ya chini itabomolewa na kujengwa jengo la maduka chini na makazi juu. Ndivyo ilivyotokea katika viwanja vingi vya Kariakoo. Mwenye kiwanja hutaka ukuta ufike mpakani, kwani kila meta ya duka ina kodi yake. Baraza ikiondoka, muuza kahawa, fundi cherehani na mama lishe hawaondoki mjini. Hushuka barabarani, na huko huambiwa kuwa wanazuia njia.

Hesabu yaweza kusaidia kuamua. Mwanafunzi akiusogeza ukuta wa duka ndani kwa meta 2.5 katika upande wa mbele wenye meta 15, hupoteza meta za mraba 37.5 kati ya 300, yaani asilimia 12.5 ya sakafu ya chini. Lakini ghorofa za juu zaweza kutokeza juu ya njia hiyo zikabebwa na nguzo. Jengo likiwa na sakafu tano, jumla ya meta za mraba 1,500, hasara yote ni asilimia 2.5 tu. Dari ikiwa meta 3 juu ya ardhi na jengo likielekea kaskazini, jua la adhuhuri ya Juni litaingia meta 1.7 chini ya dari hiyo. Hubaki sentimeta 80 za kivuli, zinazotosha benchi refu kandokando ya ukuta. Mvua ikinyesha, mwanafunzi wa shule na mzee mwenye kikapu wana pa kujihifadhi.

Mfano mkubwa wa jengo lililobuniwa kwa fikira hizi ni Soko Kuu la Kariakoo, kazi ya msanifu Beda Amuli, lililofunguliwa mwaka 1975. Paa lake lilikuwa la miavuli mikubwa ya zege iliyowatia wauzaji na wanunuzi kivulini, na ambayo pia ilikusanya maji ya mvua. Moto uliliunguza Julai 2021.

Njia iliyofunikwa haikosi matatizo. Wenye maduka huweza kuijaza bidhaa; isipokuwa na mtaro, maji hutuama; isipokuwa na taa, usiku huogopwa. Kwa hiyo mwanafunzi hutakiwa achore mkato unaoonyesha jengo na njia kwa pamoja, wenye mtaro, taa, benchi na watu, ndipo mchoro wake upokewe.

Zoezi kwa shule

Wanafunzi wa sekondari waweza kuanza na jengo la shule yao. Wapime kivuli cha ukuta mmoja kila baada ya dakika tano, kabla na baada ya jua kufika kileleni, wachukue kilicho kifupi kuliko vyote, kisha wakokotoe kimo cha ukuta kwa njia iliyoelezwa hapo juu, wakitumia nyuzi za mahali pao na za jua kwa tarehe ile. Halafu wahesabu wenzao wanaopumzika kando ya kila ukuta wakati wa mapumziko. Wakilinganisha orodha hizo mbili, watajua ni ukuta upi unaowahudumia, na ni upi unaodai benchi, mti au ukingo wa paa.