Sikio halichokonolewi, linamulikwa

Na Afisa Tabibu, Tinde



Ndugu msomaji, mtoto analia usiku kucha ameshika sikio. Bibi anapasha mafuta, jirani anashauri maji ya majani, na kaka mtu keshachukua njiti ya kibiriti. Nakuomba, kabla ya yote hayo, kitangulie kitu kisichochoma wala kuchubua: mwanga.

Ugonjwa wenyewe mara nyingi uko ndani kuliko unavyodhani. Sikio la kati limejificha nyuma ya kingozi chembamba tunachokiita ngoma ya sikio, nalo limeungana na koo kwa mrija mdogo. Kwa mtoto mrija huo ni mfupi na umelala, ndiyo maana mafua huweza kuishia sikioni. Majimaji yakijaa na kugeuka usaha, huisukuma ngoma, na maumivu huanza.

Njia mojawapo ya kujua kilichomo ni kutoboa ngoma kwa sindano na kuvuta majimaji. Watoto wengi hawahitaji kufikishwa huko. Tabibu hutumia otoskopu, kifaa cha mkononi chenye taa, kioo cha kukuzia na ncha mfano wa faneli ndogo. Huvuta sikio taratibu ili kunyoosha njia, kisha humulika. Ngoma yenye afya ni ya kijivu, hupitisha mwanga, na hung'aa upande mmoja. Ikivimba kuja nje, ikawa nyekundu au ya manjano, hiyo ni dalili ya maambukizi.

Lakini wekundu peke yake si ushahidi, kwani mtoto akilia sana ngoma huweza kuwa nyekundu. Kwa hiyo baadhi ya otoskopu zina kipira cha kupulizia hewa. Ngoma ikicheza vizuri, nyuma yake kuna hewa. Isipocheza, yaelekea kuna majimaji.

Elimu hii inazidi kukua. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walionyesha kuwa mwanga unaweza kugundua utando wa bakteria uliojishika nyuma ya ngoma bila kutoboa chochote. Mwaka 2016 watafiti wa chuo cha MIT, hukohuko Marekani, walieleza otoskopu inayotumia mwanga usioonekana kwa macho. Majimaji huumeza mwanga huo, yakaonekana meusi kwenye picha. Usitarajie kuvikuta vifaa hivyo katika kituo cha kijijini. Hata hivyo, otoskopu ya kawaida mikononi mwa aliyefundishwa hufanya kazi kubwa.

Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu majimaji huweza kukaa sikioni bila homa wala maumivu, mtoto akapungukiwa usikivu tu. Sisi tuliokaa kwenye mikeka ya madrasa tunamjua mtoto anayechanganya qaf na kaf kila siku, akachapwa kwa uzembe. Huenda hasikii! Ustadhi, kabla ya bakora, mwambie mzazi ampeleke akamulikwe.

Basi shika haya:

1. Usimimine mafuta wala maji ya majani sikioni. Ngoma ikiwa imetoboka, yataingia sikio la kati.

2. Usaha ukitoka, sokota kitambaa safi na laini kiwe utambi, kiweke mdomoni mwa sikio kifyonze, kitoe, weka kingine mpaka pakauke. Kisha nenda kituoni.

3. Mtoto huyo asiogelee lambоni. Kufuta masikio kwa vidole vyenye unyevu wakati wa udhu si sawa na kuingiza maji ndani.

4. Usaha uliofikisha siku 14 ni ugonjwa sugu na tiba yake ni tofauti. Usirudie vidonge vya zamani.

5. Uvimbe wenye maumivu nyuma ya sikio, shingo kukakamaa au mtoto kulegea: hospitali siku hiyohiyo, usingoje kesho.

Mtoto aliyemulikwa mapema huenda ndiye atakayekusomea Qur'an uzeeni.

Wabillahi tawfiq.