Zawadi za kina mama: Vocha ipi itamfaa?

Kwa sisi tunaoishi Uingereza, machipuko ni majira ya kina mama. Tarehe 8 Machi ni Siku ya Wanawake Duniani, ambayo Umoja wa Mataifa ulianza kuiadhimisha mwaka 1975. Halafu huja Siku ya Mama ya hapa, Jumapili ya nne ya Kwaresima. Nao ndugu zetu walioko katika nchi nyingi za Kiarabu humkumbuka mama tarehe 21 Machi.

Siku ya Mama ya Uingereza ina historia inayotugusa. Zamani vijana waliotumikia majumba ya watu walipewa ruhusa siku hiyo kwenda kwao kuwaona wazazi. Leo wanaofanya kazi mbali na kwao ni sisi, na baadhi yetu hatuna njia ya kurudi. Zawadi inafika pale ambapo wenyewe hatuwezi kufika.

Kwa haraka za maisha, wengi wetu tunachukua kadi ya zawadi karibu na kaunta ya supamaketi na kuona kazi imekwisha. Si vibaya, lakini tukumbuke kuwa vocha si fedha. Ni ahadi ya duka. Januari 2013, maduka ya HMV yalipoingia katika ufilisi, kadi zake zilikataliwa kwa siku kadhaa kabla ya kukubaliwa tena. Kenya nako, watu wa ughaibuni walizoea kuwanunulia wazazi vocha za Nakumatt kupitia intaneti. Mwaka 2017 rafu za Nakumatt zilikuwa tupu, na mwaka 2020 wadai waliamua kampuni ifilisiwe. Duka likianguka, mwenye vocha anapanga foleni na wadai wengine, tena nyuma kabisa.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, kabla ya kulipa tuangalie haya:

Kwanza, anakwenda wapi mwenyewe? Vocha ya duka lililo mabasi mawili kutoka kwake inamwongezea nauli.

Pili, inatosha? Vocha ya pauni 20 kwa saluni ambayo huduma yake ya chini ni pauni 45 si zawadi, ni deni. Shangazi ataongeza pauni 25 kutoka mfukoni mwake au ataiacha ife kwenye droo.

Tatu, inaisha lini? Nyingi hapa huisha baada ya mwaka 1 au 2. Tumwandikie tarehe hiyo kwa kalamu juu ya bahasha.

Nne, risiti. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa kitu kinachozidi pauni 100, tukilipa kwa kadi ya mkopo moja kwa moja kwa muuzaji, sheria ya 1974 kwa kawaida huiwajibisha pia kampuni iliyotoa kadi hiyo.

Na aliyeko nyumbani je? Mwambie mama aliyeko Tanga kwamba umemtumia vocha, atatafuta namba za kuingiza kwenye simu, maana kwake vocha ni salio la simu. Huko fedha kwa simu ndiyo vocha inayokubalika kila duka. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008. Tusisahau tu kuweka na ya kutolea. Lakini fedha taslimu ina adui wake: ikiingia, huenda kwenye ada ya mjukuu au deni la jirani, na mama habaki na kitu. Tukitaka kiwe chake, tumlipie miwani, au tumwachie mwenye duka la mtaani anayemfahamu fedha za kanga anayoitaka, kisha tumpigie simu akachague mwenyewe.

Atakayechelewa machipuko haya ana nafasi nyingine. Kenya na Tanzania, Siku ya Mama ni Jumapili ya pili ya Mei.