Mshtuko wa Moyo Hauchagui Umri: Dalili Ambazo Vijana Hawafai Kupuuza

Maumivu ya kifua yakimpata mzee wa miaka 70, familia humkimbiza hospitalini. Yakimpata kijana wa miaka 32, mara nyingi huambiwa ni gesi, vidonda vya tumbo au uchovu wa kazi. Hununua dawa ya asidi dukani, akaenda kulala. Saa hizo za kusubiri ndizo hatari zaidi.

Mshtuko wa moyo hutokea vipi?

Moyo hupata damu kupitia mishipa yake yenyewe. Mafuta yanapojikusanya ndani ya mishipa hiyo kwa miaka mingi, njia ya damu huwa nyembamba. Tabaka la mafuta likipasuka, damu huganda hapo na kuziba mshipa. Sehemu ya msuli wa moyo hukosa oksijeni na kuanza kufa, na msuli uliokufa haurudi.

Ni nini kinachowaweka vijana hatarini?

• Shinikizo la damu. Mara nyingi halina dalili. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya Wakenya wa miaka 18 hadi 69 hawakuwa wamewahi kupimwa.
• Sigara na shisha. Shisha ilipigwa marufuku nchini mwaka 2017, lakini bado huvutwa kisiri.
• Kisukari, lehemu nyingi katika damu na unene wa tumbo.
• Miraa, muguka na kokeini, ambazo huongeza mapigo ya moyo na shinikizo la damu.
• Historia ya familia, hasa baba au kaka aliyepata ugonjwa wa moyo kabla ya miaka 55, au mama au dada kabla ya miaka 65.
• Kwa wanawake, kuwahi kupata shinikizo la damu wakati wa ujauzito.

Dalili

Kifua hubana au huwa kizito kama kilichowekewa mzigo. Maumivu huweza kuenea hadi mkono, bega, shingo, taya au mgongo. Mgonjwa huweza kutokwa na jasho jembamba, kukosa pumzi, kuhisi kichefuchefu au kizunguzungu. Wanawake na wenye kisukari huweza kupata uchovu mkali na kukosa pumzi bila maumivu makali ya kifua.

Fanya hivi mara moja

1. Mketishe mgonjwa na umtulize.
2. Piga simu 999 au 112, au tafuta gari la kumpeleka hospitalini. Asijiendeshe mwenyewe, iwe kwa gari au pikipiki.
3. Akizirai na kuacha kupumua, bonyeza katikati ya kifua chake kwa nguvu na kwa haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, hadi msaada ufike.

Usirudi nyumbani kwa kukosa pesa. Kifungu cha 43(2) cha Katiba kinasema kwamba mtu yeyote hatanyimwa matibabu ya dharura.

Kinga ianze leo

Pima shinikizo la damu angalau mara moja kwa mwaka, hata kama unajihisi mzima. Wahamasishaji wa afya ya jamii wanaotembelea nyumba walipewa vifaa vya kupimia shinikizo la damu na sukari kuanzia mwaka 2023. Kipimo cha 140/90 au zaidi kinachojirudia kinahitaji matibabu, na dawa zisiachwe bila ushauri wa daktari.

Punguza chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, ukihesabu na iliyo ndani ya vyakula vya dukani. Tembea kwa kasi dakika 30, siku tano kwa wiki. Anayeacha sigara hupunguza hatari ya ugonjwa wa moyo kwa takriban nusu baada ya mwaka mmoja.