Shokapu za bodaboda: ukibeba mzigo pandisha, ukishusha teremsha

Saa mbili usiku nilikuwa abiria wa bodaboda kutoka Mombo kwenda Mkumbara, mgongoni mwangu limefungwa gunia la mahindi, lumbesa kabisa. Kila lori tulilopishana nalo lilituwashia taa kali. Dereva wangu akanuna, akasema wenye malori wana dharau. Tulipofika nikashuka, nikasimama mbele ya pikipiki. Taa ilikuwa kwenye mwanga hafifu kama inavyotakiwa, lakini ilimulika matawi ya mwarobaini. Mkia wa pikipiki ulikuwa umelala, pua imeinuka. Wenye malori tuliwapofusha sisi.

Msikilizaji, dawa yake haina gharama. Kwenye kila shokapu ya nyuma, mara nyingi chini ya springi, kuna ringi iliyokatwa kama ngazi. Pikipiki nyingi za kazi zina ngazi 5. Unaizungusha kwa spana yenye ndoano, ile inayokuja na pikipiki na wengi wetu huipoteza mwezi wa kwanza.

Ukipandisha ringi, springi haigeuki kuwa nyingine. Inabanwa kidogo kabla mzigo haujapanda, kwa hiyo mzigo uleule hauishushi pikipiki sana. Mkia unabaki juu, na shokapu inabaki na nafasi ya kupokea shimo au tuta. Ikiwa mzigo umeshaimaliza nafasi hiyo, shimo linapiga moja kwa moja kwenye chesisi, kwenye rimu na kwenye kiuno cha abiria.

Kipimo ni futi ya fundi cherehani. Simamisha pikipiki kwa stendi ya kati, gurudumu la nyuma lining'inie, upime kutoka nati ya ekseli hadi alama kwenye bodi juu yake. Ishushe, keti na mzigo wako wa kawaida, mtu apime tena. Gurudumu la nyuma la pikipiki nyingi za kazi husafiri kama sentimita 10, hivyo tofauti ya 3 hivi inatosha. Ikizidi sana, panda ngazi moja, pima upya. Pande zote mbili ziwe ngazi sawa. Ya dereva wangu kulia ilikuwa ya 2 na kushoto ya 4, na yeye alikuwa analaumu tairi kwa kuvuta upande.

Kosa la pili ni kusahau kuteremsha. Umeshusha gunia, unarudi peke yako kwenye barabara ya vumbi ya mashamba ya mkonge yenye mawimbi kama bati. Mkia uliobanwa hadi ngazi ya 5 unarukaruka, tairi linaachana na ardhi, na tairi lililo hewani halishiki breki. Kuteremka kutoka Lushoto wakati wa mvua ni hatari zaidi, maana kwenye mteremko uzito tayari umehamia mbele na nyuma kumebaki kwepesi. Ukiwa peke yako, ngazi ya 1 au ya 2 inatosha.

Upandapo mlima huo na abiria, mkia ukilala usukani unakuwa mwepesi na pikipiki haitaki kukata kona. Hapo pandisha. (Nimesema abiria, mmoja. Mshikaki hauna ngazi yake.)

Shokapu za mbele kwenye pikipiki hizi kwa kawaida hazina ringi. Zinategemea springi na oili ya ndani. Ukiona oili inachuruzika kwenye bomba, sili imekwisha. Mpelekee fundi kabla oili haijafika kwenye breki.

Mwisho, bonyeza kiti kwa nguvu uachie. Kikipanda mara moja na kutulia, shokapu ni nzima. Kikicheza mara tatu, imekufa, na hata ukizungusha ringi hadi ngazi ya mwisho itaendelea kucheza. Nunua mbili kwa pamoja, usichanganye mpya na kuukuu.