Diski, kabulo ao piloti? Tupime mbele ya kushitaki

Ordinateri ikipoteza diski yake, jibu la mafundi wengi hapa kwetu ni moja: «Diski imekufa, muuze ingine.» Makuta inatoka, diski mupya inaingia, na kiisha siku tatu ugonjwa unarudi palepale. Sisi wa sindika ya migodi tunajua maneno ya namna hii. Mashini ikiharibika, wa kwanza kushitakiwa ni yule asiyeweza kujitetea.

Ofisi yetu ya Lukafu inatumia ordinateri ya zamani yenye Linux, kwa sababu ni ya bure na kila mutu ana ruhusa ya kufungua maandishi yake na kuyasoma. Ndani ya diski muko kotizasyo za wamemba, tarehe ya kila mumoja kuingia kazini, na karatasi za wale walioumia. Mufanyakazi akidai miaka yake na karatasi zake zimepotea, daftari ile ndiyo ushahidi unaobaki. Kumbe diski ikaanza kupotea kila mangaribi, wakati jenereta inawaka.

Kati ya diski na programu kuna piloti: sehemu ya kiini cha sisteme inayojua kusema na diski. Kiini kinaomba, piloti anapeleka, kabulo inabeba, diski inajibu. Neno likipotea njiani, kosa linaweza kuwa la yeyote kati yao.

Kazi ya kwanza si kupima, ni kukopia. Tulihamisha yote kwenye diski ya inje mbele ya kugusa kitu. Jaribio la badblocks, kwa kawaida yake, linasoma tu. Lakini ukiongeza -w linaandika juu ya kila kitu, na miaka ya watu inakuwa vumbi. Pale hatuna mchezo.

Halafu tukafungua dmesg, pahali kiini kinaandika yanayokipata. Tukasoma jina ata1, neno ICRC, na nyuma yake kiini kikipunguza mwendo kutoka gigabiti 3 hadi 1.5 kwa sekunde. ICRC maana yake yaliyofika si yale yaliyotumwa. Tukauliza diski yenyewe kwa smartctl. Namba 5, inayohesabu sehemu zilizoharibika na kubadilishwa: 0. Namba 197, sehemu zenye kungojea hukumu: 0. Namba 199, makosa ya njiani, ilikuwa inapanda kila jioni. Diski ni mzima, basi. Njia ndiyo mbovu. Jenereta iko nyuma ya ukuta, inatikisa meza, na kabulo ilikuwa imelegea. Tukaibadilisha. Namba ile haikurudi 0, hairudiaka hata siku moja, lakini iliacha kupanda.

Kama ingeendelea, tungemuuliza piloti. Unawasha ordinateri na kiini cha zamani, ambacho mara nyingi kinabaki kwenye orodha ya kuwashia. Kosa likipotea, unatafuta badiliko lililolileta: unagawa katikati, unapima, unagawa tena. Mabadiliko 1000 yanaisha kwa majaribio kama 10 hivi.

Na kiini nacho kinakosaka kweli. Mwaka 2015 kampuni Algolia iliona faili za seva zake zinajaa sifuri, na lawama ikaangukia diski za Samsung. Wahandisi wa Samsung wakarudia majaribio, wakakuta kosa ndani ya kiini cha Linux: namna ya kugawa TRIM, amri inayoambia diski sehemu gani haitumiki tena, pale diski nyingi zimeunganishwa kwa RAID. Rekebisho likatumwa, na kila mutu aliweza kulisoma. Mwezi wa 12 mwaka 2023, Debian nayo ilisimamisha toleo 12.3 kwa sababu kiini 6.1.64 kiliweza kuharibu data za ext4. Kesho yake 12.4 ikatoka.

Wengine wanatuuliza sindika inaingilia wapi. Juu ya sahani ya diski kuna tabaka jembamba la mchanganyiko wa kobalti, ndilo linaloshika maandishi. Kobalti inatoka wapi, hapa Katanga hakuna wa kuelezwa.

Delegasyo yenye shida kama hii ituletee maandishi ya dmesg na ya smartctl, si diski peke yake. Na kopi ifanywe mbele ya kuanza safari, barabara ya Lukafu munaijua.