Mchezo na Chombo Chake: Juu ya Michezo ya Video, Tanzu Zake na Uhifadhi Wake

0. Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi simulizi hufundishwa mapema kwamba hadithi haikai katika maneno peke yake. Msimulizi, hadhira, wakati na mahali, vyote vina sehemu katika kuiumba, na anayeandika maneno tu ameokoa nusu ya kazi. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba kanuni hiyo inahusu pia michezo ya video, ambayo wanafunzi wengi wanaicheza lakini ambayo ni nadra kuikuta katika semina za fasihi. Maswali yetu ni mawili. Kwanza, mashine ina nafasi gani katika kuumba mchezo na utanzu wake? Pili, mashine hiyo ikishakufa, mchezo unabakiwa na nini?

Kabla ya kuendelea tufafanue istilahi. Kwa mchezo wa video tunamaanisha mchezo unaoendeshwa na kompyuta na kuonekana kwenye skrini, mchezaji akiutawala kwa vitufe au kwa maneti anayoishika mikononi. Mashine ya kuchezea ni kompyuta iliyoundwa kwa kazi hiyo na kuunganishwa na televisheni, au kubebwa mkononi. Kaseti na diski ni vyombo vinavyobeba mchezo wenyewe. Neno utanzu tunalitumia kama linavyotumika katika fasihi.

1. Chimbuko

Mwaka 1958, William Higinbotham, mwanafizikia wa maabara ya Brookhaven huko Marekani, aliwatengenezea wageni wa maabara mchezo wa tenisi ulioonekana kwenye kioo kidogo cha kupimia umeme. Mwaka 1962 Steve Russell na wenzake wa chuo cha MIT walikamilisha Spacewar!, pambano la vyombo viwili vya angani, kwenye kompyuta ya PDP-1. Kazi hizo zilibaki mikononi mwa wataalamu.

Nyumbani kwa watu mchezo uliingia mwaka 1972, kwa mashine ya Magnavox Odyssey iliyobuniwa na Ralph Baer. Haikuwa na sauti, wala haikuweza kuchora zaidi ya nukta na mistari michache. Mnunuzi alibandika karatasi ya plastiki yenye picha juu ya kioo cha televisheni ili apate uwanja wa kuchezea. Mwaka huo huo kampuni ya Atari ilitoa Pong, tenisi ya mezani iliyochezwa kwa kutumbukiza sarafu.

Hatua tunayoiona kuwa kubwa kuliko zote ilikuja mwaka 1976. Mashine ya Fairchild Channel F, ambayo uundaji wake uliongozwa na Jerry Lawson, mhandisi Mmarekani mweusi, ilipokea kaseti zenye programu ndani yake. Kabla ya hapo michezo ilijengwa ndani ya mashine yenyewe. Tangu hapo mchezo uliweza kununuliwa peke yake, kuazimwa na kuwekwa rafuni kama kitabu. Lakini mfano huo wa kitabu una kasoro moja: kitabu husomwa kwa macho ya yeyote, kaseti husomwa na mashine moja tu. Kasoro hiyo ndiyo kiini cha makala haya.

2. Ufinyu wa chombo kama kanuni ya sanaa

Mashine ya Atari iliyotoka mwaka 1977, ambayo baadaye iliitwa Atari 2600, ilikuwa na kumbukumbu ya kufanyia kazi ya baiti 128. Baiti moja hubeba herufi moja. Kwa hiyo yote ambayo mashine iliweza kuyakumbuka kwa wakati mmoja, yaani mahali alipo mchezaji, adui na alama zilizopatikana, yangeenea katika mstari mmoja au miwili ya ukurasa huu.

Msomaji anayejua ushairi wa Kiswahili hatashangaa kusikia kwamba ufinyu huo ulizaa ufundi. Mshairi anayefungwa na mizani na vina hutafuta neno ambalo asingelitafuta kama angekuwa huru. Watunzi wa michezo nao walifungwa na baiti. Tuangalie mifano mitatu.

Wa kwanza ni Space Invaders, kazi ya Tomohiro Nishikado iliyotolewa na kampuni ya Taito huko Japani mwaka 1978. Wavamizi 55 hushuka kutoka juu, na kadiri mchezaji anavyowaua ndivyo waliobaki wanavyokwenda mbio zaidi. Hali hiyo ilitokana na mashine yenyewe: wavamizi walisogezwa mmoja baada ya mwingine, na idadi ilipopungua mzunguko ulikwisha upesi. Nishikado aliiacha ibaki, na udhaifu wa mashine ukawa ndio wasiwasi unaompendeza mchezaji.

Wa pili ni Tetris, iliyotungwa mwaka 1984 na Alexey Pajitnov huko Moscow. Kompyuta aliyoitumia, Elektronika 60, haikuweza kuonyesha picha bali herufi tu, naye akaunda vipande vyake kwa alama za mabano. Fumbo lisilohitaji picha wala hadithi likawa rahisi kuhamia kwenye mashine nyingine. Mwaka 1989 liliuzwa pamoja na Game Boy, mashine ya mkononi ya Nintendo, na michezo yake mifupi ilimfaa msafiri.

Wa tatu ni Super Mario Bros. ya mwaka 1985. Kaseti yake ilibeba kilobaiti 40 tu, sawa na herufi za kijitabu chembamba. Ili kubana nafasi, mawingu ya juu na vichaka vya chini vilichorwa kwa umbo lile lile, rangi zikabadilishwa. Wengi walicheza kwa miaka bila kutambua jambo hilo.

3. Tanzu na mashine zake

Tanzu za michezo ya video ni nyingi: ufyatuaji, kuruka vikwazo, mafumbo, mbio, michezo ya kandanda na mingineyo, mikakati, na ule ambao mchezaji huchukua nafasi ya mhusika na kumkuza katika safari ndefu. Hatutazieleza zote, tunataka kuonyesha tu kwamba mara nyingi utanzu husubiri chombo.

Safari ndefu, kwa mfano, haiwezekani pale ambapo kuzima umeme ni kupoteza kila kitu. The Legend of Zelda ilitolewa Japani mwaka 1986 katika diski iliyoweza kuandikwa, kisha Marekani mwaka 1987 katika kaseti yenye betri ndogo iliyohifadhi hatua za mchezaji. Kwa njia hiyo mchezo huo uliweza kuendelea siku baada ya siku, kama utenzi unaosimuliwa kwa mikesha kadhaa.

PlayStation ya Sony, iliyotoka Japani mwezi wa Desemba 1994, ilitumia diski za CD, zenye nafasi kubwa mara nyingi kuliko kaseti. Ndiyo maana Final Fantasy VII ya mwaka 1997, yenye diski tatu na vipande virefu vya filamu, ilitolewa kwenye mashine hiyo badala ya mashine ya Nintendo iliyobaki na kaseti. Hali kadhalika, Super Mario 64 ya mwaka 1996 isingewezekana bila kijiti kidogo kwenye maneti kilichomwezesha mchezaji kumtembeza mhusika polepole au mbio, upande wowote autakao, katika ulimwengu wenye kina.

Katika kundi la mikakati kuna kazi moja inayotuhusu sisi wa taaluma za Kiswahili. Civilization IV, ya mwaka 2005, hufunguliwa kwa wimbo "Baba Yetu" wa Christopher Tin, ambao maneno yake ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili. Mwaka 2011 wimbo huo ulipata tuzo ya Grammy, wa kwanza kuipata miongoni mwa nyimbo zilizotungwa kwa ajili ya mchezo wa video. Kiswahili kimo basi katika historia ya sanaa hii.

4. Chombo kinapokufa

Betri ya kaseti hufa, diski huchunika, mashine huacha kuundwa. Mwaka 2023 shirika la Video Game History Foundation la Marekani lilitangaza matokeo ya uchunguzi wake: asilimia 87 ya michezo ya zamani iliyotolewa nchini humo haikuwa ikiuzwa tena kwa njia yoyote ya halali. Na tarehe 27 Machi mwaka huo Nintendo ilifunga maduka ya mtandaoni ya mashine zake za 3DS na Wii U. Michezo iliyouzwa humo tu, bila kaseti wala diski, haikuweza kununuliwa humo tena.

Mchezo wa kisasa uko hatarini zaidi kuliko wa zamani, kwani mara nyingi sehemu yake muhimu inakaa kwenye kompyuta za kampuni. The Crew, mchezo wa mbio wa Ubisoft wa mwaka 2014, ulizimwa tarehe 31 Machi 2024, na waliounulia diski hawakuweza tena kuucheza, hata peke yao. Concord ya Sony ilitolewa Agosti 2024 ikaondolewa baada ya wiki mbili. Kaseti ya mwaka 1977, ikipata mashine yake, bado inachezwa.

Dawa ziko mbili. Ya kwanza ni taasisi za kuhifadhi. Ufaransa, kwa sheria ya mwaka 1992, iliingiza programu na michezo ya video katika wajibu wa kukabidhi nakala kwa Maktaba ya Taifa, kama ilivyo kwa vitabu. Ya pili ni programu za kuigiza, yaani programu zinazoifanya kompyuta mpya ijifanye mashine ya zamani. Lakini programu hizo zina mipaka. Kompyuta ya leo ingewasogeza wavamizi wa Nishikado wote mara moja. Ili mchezo ubaki ule ule, haina budi kuiga hata ulegevu wa mashine ya mwaka 1978. Kuhifadhi maandishi ya programu tu hakutoshi.

5. Hitimisho

Tumeona kwamba mchezo wa video, kama hadithi ya mdomo, huishi katika utendaji, na kwamba chombo chake ni sehemu ya umbo lake. Kwa idara zetu tunatoa mapendekezo mawili. Kwanza, istilahi: bila maneno thabiti ya Kiswahili kwa tanzu na vyombo hivi, hatuwezi kuvifundisha kwa Kiswahili.

Pili, na hili ndilo la haraka, utendaji wenyewe. Katika miji yetu, kama katika miji mingi ya Afrika, vijana wamelipia mechi za kandanda kwenye PlayStation katika vyumba vidogo vya mtaani. Humo wamezua majina ya mitindo ya kupiga mpira, matani ya kumvunja moyo mpinzani, kanuni za nani acheze baada ya nani, na utangazaji wa watazamaji walioketi kwenye benchi. Lugha hiyo haimo ndani ya diski. Maktaba ya Paris ikiitunza diski miaka mia, haitakuwa imeitunza lugha hiyo. Mwanafunzi mwenye daftari na kinasa sauti anaweza kuikusanya sasa, kwa mbinu zile zile anazozitumia kukusanya ngano na vitendawili, wakati wachezaji wake wangali hai na wanakumbuka.