Pikipiki iliyotumika ikimsumbua dereva mwepesi: jinsi ya kupima na kulegeza amortisa za nyuma



Familia nyingi zilizokimbia vita huanza maisha upya kwa pikipiki moja. Inanunuliwa ikiwa imekwisha tumika, mara nyingi kwa akiba ya watu kadhaa, na kila mmoja anaiendesha kwa zamu. Mchana inatafuta pesa ya chakula. Usiku inampeleka mama mjamzito kwenye kituo cha afya. Pikipiki hiyo ikianza kuangusha watu, ugomvi hauko mbali.

Tuchukue mfano. Kikundi kimenunua pikipiki kwa mtu wa kilo 90 aliyekuwa akibeba mifuko ya makaa. Sasa inaendeshwa na kijana wa kilo 55. Kwenye mawe, gurudumu la nyuma linarukaruka. Akifunga breki, linateleza. Akisimama, miguu yake haifiki vizuri chini. Baada ya kuanguka mara mbili, wenzake wanasema hajui kuendesha. Yeye anasema kikundi kiliuziwa pikipiki mbovu. Inawezekana wote wamekosea: amortisa zimebaki kama zilivyokazwa kwa ajili ya mwenye kwanza na mizigo yake.

Kazi ya amortisa

Amortisa, ambayo wengine huiita shokapu, ina sehemu mbili. Resori inabeba uzito. Bomba lenye mafuta linaituliza resori isirukeruke. Kwenye pikipiki nyingi za kazi kuna amortisa mbili nyuma, na kila moja ina pete yenye ngazi, mara nyingi 3 hadi 5. Ukizungusha pete, resori inabanwa zaidi au inalegezwa.

Resori ikibanwa, nyuma inainuka. Hiyo inafaa kwa abiria na mzigo. Ikilegezwa, nyuma inashuka. Hiyo inafaa kwa dereva mwepesi aliye peke yake. Lakini pete haibadilishi ugumu wa resori yenyewe. Inabadilisha tu kimo ambacho pikipiki inasimama nacho. Gurudumu linahitaji nafasi ya kupanda juu ya jiwe, na pia nafasi ya kushuka ndani ya shimo. Dereva mwepesi juu ya resori iliyobanwa sana hana nafasi hiyo ya kushuka, ndiyo maana gurudumu linaachana na barabara.

Kwanza, kagua

Tazama kama kuna mafuta yanayovuja kwenye amortisa. Kisha kandamiza kiti kwa nguvu na kukiachilia. Kinapaswa kupanda na kutulia. Kikiendelea kucheza juu na chini, amortisa imechoka, na kuzungusha pete hakutaiponya. Badilisha zote mbili pamoja. Pima pia upepo wa mipira, kwa sababu mpira uliojazwa kupita kiasi nao unarusha pikipiki.

Namna ya kupima

1. Simamisha pikipiki juu ya mguu wake wa katikati, gurudumu la nyuma likining'inia bila kugusa chini.
2. Pima kutoka katikati ya ekseli ya nyuma kwenda juu hadi alama moja kwenye fremu. Andika kipimo.
3. Shusha pikipiki. Dereva akae mahali pake, amevaa kama siku ya kazi, mwenzake akimshikilia asianguke. Pima tena mahali palepale.
4. Toa kipimo cha pili katika kile cha kwanza. Jibu ndilo kiasi ambacho pikipiki imeshuka.

Kwenye pikipiki ndogo za kazi, gurudumu la nyuma huwa na mwendo wa sentimita 10 hivi. Dereva akikaa, robo hadi theluthi ya mwendo huo inatosha, yaani sentimita 2 na nusu hadi 3. Ikishuka chini ya 2, resori imebanwa mno kwake.

Namna ya kulegeza

Safisha pete kwanza, kwa kuwa matope yanaifanya ikwame. Tumia ufunguo wake wenye ndoana. Nyundo na patasi huvunja ngazi. Rudisha ngazi moja kwa upande mmoja, kisha moja kwa upande wa pili. Pande mbili zisipolingana, pikipiki inaweza kuyumba. Pima tena. Ukimaliza, kagua ulegevu wa mnyororo na mwanga wa taa, kwa sababu nyuma ikishuka, taa hutazama juu na kuwaumiza macho wanaokuja mbele. Jaribu barabara fupi unayoijua, polepole, bila abiria, ukiwa na kofia ya kinga.

Kama uko ngazi ya chini kabisa na bado nyuma haishuki, huenda mwenye kwanza aliweka resori ngumu zaidi. Tafuta zile za asili za pikipiki hiyo. Usikubali fundi akate resori: ikikatwa, inakuwa fupi lakini ngumu zaidi. Wala usimwage mafuta ya amortisa ili iwe laini.

Kwa viongozi wa vikundi

Ngazi inayomfaa kijana akiwa peke yake haifai akibeba mama na mtoto, au mfuko wa mihogo. Hapo nyuma itagonga mwisho, mbele itakuwa nyepesi, na usukani hautatii vizuri. Kabla ya kupakia, pete ipandishwe tena.

Kwa hiyo andikeni katika daftari la pikipiki: jina la kila dereva, ngazi yake akiwa peke yake, na ngazi yake akiwa na mzigo. Anayepokea zamu aangalie pete kabla ya kuondoka. Ufunguo ukae pamoja na pikipiki, si nyumbani kwa mtu mmoja.

Na siku mtu akianguka, kabla ya kuitisha kikao cha kumhukumu, leteni kwanza mita ya kupimia. Yule kijana wa kilo 55 anaweza kuwa dereva mzuri anayeendesha pikipiki iliyokazwa kwa ajili ya mtu mwingine.